Kitanda cha Futi Tatu na Nusu

Futi tatu na nusu! Si nne, si tano. Kitanda cha mwanafunzi wa bweni.

Habari hiyo Asteria aliipata Jumatatu asubuhi kwenye karakana ya Loth, fundi seremala wa pale Chome, alikokwenda na kigoda kilichovunjika mguu. Loth ni mtu asiyejua kufunga mdomo hata akiwa na misumari kati ya meno. Akamwambia kwa furaha kabisa, “Mama Kelvin, Jumamosi kitanda chako kitakuwa tayari. Mzee kanipa oda tangu juzi. Futi tatu na nusu kwa sita, na kichwani nichonge ua.”

“Kitanda changu mimi?”

“Chako. Anasema kile cha marehemu bibi kinakuumiza mgongo. Mume unaye, Mama Kelvin, wenzako wanatafuta.”

Asteria alikiacha kigoda palepale akapanda njia ya kwao moyo ukimwenda mbio, wala si kwa sababu ya mlima. Mlima ule ameuzoea tangu utoto, na miaka hamsini na mmoja aliyokuwa nayo haikuwa imempunguzia pumzi. Kilichomkimbiza ni hesabu ya siku. Leo Jumatatu, kitanda Jumamosi. Na kitanda cha mtu mmoja kikishaingia ndani ya nyumba ya watu wawili, nani atakitoa? Kitapata shuka lake, kitapata chandarua chake, mwisho kitapata mazoea yake, na yeye na mumewe Wilbard watazeeka kama wapangaji wa nyumba moja. Akajiambia kwa sauti, peke yake njiani, “Labda nife kwanza.”

Ilianzaje mpaka wakafika huko? Ilianza kwa wema, na ndiyo maana hakuna aliyeishtukia. Miaka miwili na miezi minane nyuma, mama yake Wilbard alipigwa na kiharusi. Asteria akahamia chumba cha mama mkwe ili amgeuze ubavu usiku, amnyweshe maji, ambadilishe nguo. “Ni wiki mbili tu,” alimwambia mumewe, na wote wawili waliamini. Bibi akaishi, Mungu ni mwema, akaendelea kuishi mpaka Februari ya mwaka huu. Akazikwa, matanga yakaisha, ndugu wakarudi Moshi na Dar es Salaam. Julai Kelvin, kitindamimba wao, akaenda bweni kuanza kidato cha tano. Nyumba ikabaki na watu wawili na vyumba vitatu, na Asteria bado alikuwa analala kwenye kitanda cha marehemu. Kila jioni walikuwa wakiagana koridoni: “Usiku mwema, Mama Kelvin.” “Na kwako, Baba Kelvin.” Utadhani wageni waliokutana semina.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Asteria hakumwambia mtu. Katikati ya ile miaka ya kuuguza, hedhi ilikoma. Siku moja wifi yake alikuja kumshikia zamu ya mgonjwa, naye akarudi kwenye kitanda chao kwa hamu zake zote. Ikauma. Iliuma mpaka machozi yakamtoka, akamsukuma mumewe akasema, “Niache.” Basi, neno moja. Hakueleza, maana na yeye mwenyewe hakuelewa. Wilbard naye, kwa ustaarabu wake uliopitiliza, akaacha. Akaacha kabisa. Hapo ndipo mtu angetamani kuwakamata wote wawili awagonganishe vichwa.

Na hao si watu waliokuwa hivyo! Walipooana walikwenda kufanya kazi kwenye shamba la mkonge huko chini, wakapewa chumba kimoja kwenye mstari wa nyumba za wafanyakazi, ukuta mwembamba. Jirani yao, Rabia wa Muheza, alikuwa akigonga ukuta kwa mwiko: “Nyie Wapare, na sisi wenzenu tuna kazi kesho!” Asubuhi Asteria alikuwa akipita kwenda bombani uso chini, anaona haya, na moyoni anacheka.

Kwa huyo Rabia ndiko alikokwenda Jumanne. Alimuaga mumewe kwamba anafuata dawa ya mbegu, akapanda gari la alfajiri, na saa nne alikuwa Same, kwenye joto na upepo wa vumbi, mbele ya cherehani ya shoga yake, ambaye siku hizi hushona huko.

Rabia alimtazama kutoka juu hadi chini. “Umekuja bila kupiga simu. Nani kafa?”

“Hajafa mtu. Ila mimi naelekea.”

“Mh! Kaa.”

Asteria akakaa akamwaga yote: mama mkwe, chumba, kiharusi, ile siku ya maumivu, mpaka kitanda cha Loth na ua lake kichwani. Rabia aliacha kushona. Aliposikia futi tatu na nusu, akapiga makofi. “Mungu wangu! Nyie niliokuwa nawagongea ukuta?”

“Sisi hao hao.”

“Sasa ngoja nikuulize. Siku ile ulimwambia inauma?”

“Nilimwambia aniache.”

“Hayo ni mambo mawili mbalimbali, shoga. ‘Inauma’ ni ya mwili. ‘Niache’ ni yake yeye.”

“Na yeye mbona hakuuliza?”

“Atauliza nini, Mpare huyo? Hata maneno anabana matumizi!” Wakacheka mpaka mteja mlangoni akachungulia. Kisha Rabia akasogeza kiti, akashusha sauti. “Nisikilize. Mwili umebadilika, haujafa. Mimi huu mwaka wa tatu, na mume wangu hajalala njaa. Nilikwenda kwa daktari wa kina mama, nikamwambia wazi, akanielekeza. Ukavu ni wa umri wetu, una dawa zake. Kuna jeli, nenda duka la dawa pale mbele, uliza usione haya. Na mwende pole pole, hamuwahi basi. Ikiuma, sema ngoja. Mficha uchi hazai.”

“Kuzaa nimeshamaliza, Rabia.”

“Basi mficha uchi halali! Na usije ukamvizia usiku. Mwanaume wa miaka hamsini na saba aliyeshinda na jembe, usiku ni gogo. Mvizie asubuhi. Na umwambie kwa mdomo. Usije ukampikia kuku ukategemea kuku ndiye aseme.”

Akainuka, akatoa kwenye kabati gauni la kulalia la satini nyekundu, lililoshonwa kwa bibi harusi mmoja ambaye hakurudi kulichukua. Likamkaa Asteria kana kwamba alipimwa. Pale duka la dawa, dada mwenye koti jeupe alimuuliza, “Ya nani, mama?” Asteria akameza mate, akajibu, “Yangu. Na mume wangu.” Alitoka nje akitembea kama aliyeshinda uchaguzi. Dawa ya mbegu aliisahau kabisa.

Jumatano ilipita bure, Wilbard alishinda kwenye kikao cha usharika na kurudi amechoka. Ikabaki Alhamisi, na Alhamisi ni siku yao ya maji.

Watu wa milima ya Upare, maji kwao si mchezo. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la kukinga maji ya kijito tangu jioni, na asubuhi linafunguliwa yateremke kwenye mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Msimamizi, Hezroni, hupuliza filimbi kutangaza zamu. Ukisikia yako, uwe umeshafika na jembe kwenye mlango wa shamba lako, maana maji hayasubiri mtu. Kukosa zamu ni aibu. Anayekosa anasimama mbele ya kikao cha ndiva Jumamosi, anataja sababu kwa mdomo wake, kisha anazoa tope la bwawa siku nzima. Husamehewa mgonjwa na mfiwa tu. Wilbard hajawahi kukosa. Hata asubuhi ya harusi yake alikwenda kwanza kupeleka maji kwenye shamba la baba yake, akaingia kanisani na tope kwenye viatu. Picha zipo.

Zamu yao ni ya pili, kama saa tatu. Saa mbili na robo Wilbard alikuwa mezani na chai yake, buti mguuni, jembe limeegemea mlango. Jikoni makande yalikuwa yanachemka taratibu. Ndipo Asteria akatoka chumbani kwa marehemu amevaa satini nyekundu, na juu yake sweta zito la kijani, maana baridi ya Chome haijui mahaba.

Wilbard aliweka kikombe chini. “Mama Kelvin, unaumwa?”

“Siumwi. Nina neno. Kile kitanda sikitaki.”

“Kitanda gani?”

“Cha Loth.”

“Huyu Loth na mdomo wake! Nilitaka nikushtukize. Mgongo wako...”

“Mgongo unauma kwa sababu nalala kwenye kitanda cha marehemu. Mimi kitanda changu kipo. Kiko kule kwako, upande wa ukutani.”

Wilbard akawa anageuza kijiko. Mwisho akasema, bila kumtazama, “Ulisema nikuache.”

“Iliniuma, Wilbard.” Mara ya mwisho kumwita jina lake hakuikumbuka. “Hedhi ilikuwa imekoma, mwili umekauka, sikujua ni kitu gani, nikaona haya. Nilikataa maumivu. Sikukukataa wewe.”

Mzee yule alijifuta uso kwa kiganja. “Mimi nilidhani umenichoka. Kisha nikajiambia, mwanamke huyu amemwosha mama yangu, amemlisha, amembeba mgongoni, na mimi tena niende nikamdai? Nikaona ningekuwa mtu wa ajabu.”

Asteria hakutegemea hilo. Miaka yote ile alidhani mwenzake amelala usingizi wake, kumbe alikuwa macho chumba cha pili, anaona haya kumtamani mke wake mwenyewe. Uchungu ulimpanda, na nyuma ya uchungu ikaja furaha kali.

“Basi leo ninadai mimi,” alisema.

“Sasa hivi?”

“Filimbi bado.”

“Na jembe nimeshaliweka mlangoni...”

“Jembe halina wivu, Baba Kelvin.”

Wilbard akacheka. Kicheko kile! Kilikuwa kicheko cha chumba cha mkonge, cha mtu aliyegongewa ukuta na hajali. Akainuka. Chumbani buti la kushoto likagoma kutoka, Asteria akalivuta kwa mikono miwili, likachomoka ghafla wakaangukia kitandani wote, na chaga moja chini ya godoro ikavunjika, paa! Wakacheka mpaka Asteria akapaliwa. Alipomwonyesha ile jeli, Wilbard aliomba miwani yake ya kusomea, akalishika boksi karibu na dirisha akaanza kusoma maelekezo kwa makini, na shuka kiunoni.

“Soma kwa sauti,” alisema Asteria.

“Wanasema kiasi kidogo kinatosha.”

“Hao hawatujui sisi.”

Wakaanza upya kabisa, kama watu wanaorudi shambani baada ya kiangazi kirefu, wanaangalia kwanza mipaka iko wapi. Mikono yake ilikuwa na sugu, na ilikuwa inakumbuka. Ndipo filimbi ikalia, kali, kutoka juu kwenye ndiva.

Wilbard aliinua kichwa. “Zamu yetu.”

Asteria alimwona akitazama dirishani, na alijua hasa anaona nini huko: maharage yanatoa maua, udongo umekauka, jina ambalo halijawahi kuitwa kikaoni. Akajiambia, akiinuka sasa, simlaumu, lakini sirudii tena. Filimbi ikalia mara ya pili. Wilbard akageuza uso akamtazama mkewe, nywele zimetimka, satini imepanda mabegani.

“Aipulize,” akasema. “Hezroni ana mapafu mazuri.”

Mara ya tatu hawakuisikia vizuri. Asteria alipohisi kubanwa alisema ngoja, na Wilbard akangoja. Hakujitoa wala hakukasirika, alingoja tu huku akimpapasa nywele, mpaka akaambiwa njoo. Haikuuma. Jamani, haikuuma! Aliingiwa na raha iliyoanzia miguuni, akamshika mumewe shingo akalia na kucheka kwa pamoja, na Wilbard akawa anamwita Asteria, Asteria, jina tupu bila mtoto wa mtu yeyote mbele yake. Baadaye walilala wametazama dari, wametoka jasho kwenye baridi ile.

“Unasikia harufu?” Wilbard aliuliza.

“Makande!”

Yalikuwa yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi. Wakati Asteria anayamwagia maji, mlango ukagongwa kwa fimbo. Alikuwa Hezroni, suruali imelowa hadi magotini. Maji ya zamu yao yalijaa kwenye mfereji, yakakosa wa kuyafungulia, yakaruka ukingo, yakateremka njiani hadi bondeni.

“Maji yakimwagika hayazoleki!” alifoka. “Ndiva nusu nzima imekwenda kwa vyura! Wilbard, wewe! Wewe wa kukosa zamu! Uko wapi?”

Wilbard alitokea nyuma ya mkewe na buti moja mguuni. Hezroni akamtazama, akamtazama Asteria na sweta alilovaa kinyume, akakohoa. “Jumamosi kikaoni,” alisema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Usiku ule na uliofuata, Asteria alilala upande wake wa ukutani, chaga iliyovunjika imeshikizwa na debe. Lakini Ijumaa jioni Wilbard alisema, “Kesho nitawaambia mgongo ulikushika, nikawa nakukanda. Mgonjwa husamehewa.” Asteria akajibu sawa. Ilikuwa akili, na nani anataka kuchekwa na kijiji kizima? Ila moyo ukamshuka. Wataanza tena kujificha, alifikiri. Leo tunawaficha majirani, kesho tutafichana wenyewe.

Jumamosi watu walikaa kwenye nyasi ukingoni mwa ndiva. Mstari wa mbele alikaa bibi Dorkas, wa miaka themanini na mitatu, na nyuma Loth fundi. Hezroni alisoma kanuni, akaita jina. Wilbard akasimama, kofia mkononi.

“Alhamisi sikufungua maji,” alianza. “Sababu yake, mke wangu...” Akasita. Akageuka akamtafuta Asteria kwa macho kati ya kina mama. Asteria alikuwa ametazama majani, anayachuma moja moja, amekubali lijalo. Wilbard akavuta pumzi.

“Mke wangu mzima. Na mimi mzima. Filimbi niliisikia, zote tatu. Nilikuwa ndani na mke wangu. Aliniuguzia mama, mnajua wenyewe, na miaka miwili na miezi minane hatukuwa na nafasi ya kuonana. Alhamisi tulionana. Sababu yangu ndiyo hiyo, sina nyingine.”

Kijito kilisikika. Kisha kigelegele kimoja kikapasuka kutoka kwa kina mama, kikafuatwa na vingine, na wanaume wakaanza kupigana mabega. Asteria alijifunika uso kwa kanga, masikio yanawaka moto, na ndani ya kanga alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Amesema. Mbele ya watu wote, Mpare yule mbana maneno amesema!

Bibi Dorkas aligonga fimbo. “Hezroni, kanuni inasamehe mgonjwa. Hawa walikuwa wagonjwa karibu miaka mitatu, wamepona Alhamisi. Wasamehe.”

“Ahsante, Bibi,” Wilbard alisema, “lakini faini tutaitumikia. Tope tutazoa wote wawili. Maji yalikuwa ya watu.”

Loth hakuweza kujizuia. “Mzee, kile kitanda kiko tayari. Nikilete jioni?”

“Kina upana gani?”

“Futi tatu na nusu, kama ulivyoniagiza.”

“Mpe Kelvin akija likizo. Nifanyie kingine, tano kwa sita.”

“Tano kwa sita, na ua kichwani?”

Asteria alikuwa tayari amesimama, kanga imeangukia mabegani. “Fundi,” alisema kwa sauti iliyofika hadi ng’ambo ya bwawa, “ua acha. Chaga ziwe nene.”

Kikao kilifungwa hapo hapo, maana Hezroni mwenyewe alishindwa kusoma jambo lililofuata kwa kicheko.